Uzi wa gegedu: kolajeni, viunzi vya maabara, na kwanini kuziba shimo bado sio kurudisha gegedu

Mpangilio (mleta uzi)

Wakuu salamu. Nimefuatilia maswali ya kolajeni humu kwa muda sasa na naona tunachanganya mambo matatu ambayo hayafanani kabisa. Kolajeni ni protini ya nyuzi inayoshikilia ngozi, mifupa na gegedu, sasa kuna kolajeni ya kunywa, kuna kolajeni ya kupaka usoni, alafu kuna hii ninayoshinda nayo mimi maabara, ya kutengenezea viunzi, yaani vishikilio laini vya kukalisha seli, vya kupandikiza kwenye gegedu lililochimbika. Uzi huu ni wa hiyo ya tatu. Nitaandika kirefu kwa sababu kifupi ndo kinatuponza, mtu anasoma kichwa cha habari "wanasayansi waotesha gegedu jipya" anafurahi anasambaza, na hajui hata kilichoota ni kitu gani.

Tuanze na gegedu lenyewe. Nazungumzia lile jeupe linalong'aa mwishoni mwa mfupa ndani ya kiungo, kwenye goti lina unene wa kama milimita 2 mpaka 4 basi. Halina mishipa ya damu, halina neva, halina limfu. Seli zake zinaitwa kondrosaiti, zinachukua kati ya asilimia 1 na 5 tu ya ujazo, kila moja imejifungia kwenye kijumba chake, na chakula zinasubiri kipenye polepole kutoka kwenye ute wa kiungo. Kinachobaki ni maji kwa wingi, asilimia 65 mpaka 80 ya uzito. Sasa maji yanabebaje mtu mzima anayeshuka ngazi mbio?

Hapo ndo penyewe. Ndani ya gegedu kuna molekuli kubwa kubwa za agrekani zilizojaa chaji hasi, hizi zinavuta maji na muda wote zinataka kuvimba. Zinazozizuia zisivimbe ni nyuzi za kolajeni aina ya 2. Chukulia mpira wa miguu, upepo unasukuma kwenda nje na ngozi inabana, ugumu unaousikia ukiubonyeza hautoki kwenye upepo peke yake wala kwenye ngozi peke yake. Ukikanyaga chini maji yanataka kutoka ila njia ni nyembamba mno kwaiyo hayawahi, presha inapanda, na presha hiyo ndo inabeba sehemu kubwa ya mzigo kabla nyuzi hazijaguswa sana. Van Mow na wenzake waliliandikia hili hesabu zake mwaka 1980 na mpaka leo tunazitumia.

Na nyuzi zenyewe hazijakaa hivi hivi. Juu kabisa zimelala sambamba na uso kwa hiyo zinahimili msuguano, katikati zimepishana huku na huku, chini zinasimama wima na kuingia kwenye tabaka lililoshikana na mfupa. Sasa cheki hii, mwaka 2000 watafiti walikadiria kwamba kolajeni ya gegedu inachukua zaidi ya miaka 100 nusu yake kubadilishwa, ya ngozi miaka kama 15. Alafu 2016 timu ya Denmark ikatumia kaboni 14, aina ya kaboni yenye mnururisho, iliyojaa hewani kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960, wakapima gegedu za goti za watu wa rika tofauti, wakaona kolajeni yake iliwekwa utotoni na ujanani, ukishakuwa mtu mzima hakuna mpya ya maana inayoingia, hata kwa wenye goti linalosagika. Yaani nyuzi unazotembelea leo ni zile zile za ujana wako. William Hunter aliliona kwa macho matupu mwaka 1743, akawaambia wenzake London kwamba gegedu likishaharibika halirudi.

Kwaiyo msimamo wangu naweka wazi mapema: shimo kwenye gegedu linazibika, tena kwa njia nyingi. Kigumu ni kurudisha huo mpangilio. Karibuni tubishane.

Tumbili_wa_Mchanga

Mkuu asante, hii nimeelewa vizuri. Swali la mtu wa kawaida: kama kinachokosekana ni kolajeni si unachukua kolajeni safi unaichoma kwenye shimo inaganda, kazi imeisha? Nini kinakwamisha?

Mpangilio

Swali zuri sana ndugu yangu na ndo jaribio la kwanza karibu kila anayeingia kwenye fani hii analifikiria. Ngoja nikuoneshe inavyokuwa mezani.

Kolajeni tunayoitumia sana ni aina ya 1, mara nyingi ya mkia wa panya au ngozi ya ng'ombe, imeyeyushwa kwenye asidi dhaifu na muda wote inakaa kwenye barafu. Ikiwa hivyo ni nzito kama ute, inang'aa, unaona mpaka upande wa pili. Unaongeza bafa na alkali kidogo kidogo huku unaangalia rangi ya kiashiria, ilikuwa njano inaanza kuelekea kwenye pinki, hapo hapo unasimama na unafanya haraka kwa sababu ikipata joto la chumba inaanza kukamata na pipeti ikiingiza povu basi povu linabaki humo humo. Unaweka seli, unamimina kwenye visahani, unapeleka inkubeta nyuzi joto 37. Ndani ya nusu saa hivi ile kitu iliyokuwa wazi inakuwa nyeupe kama maziwa. Weupe huo ni molekuli zinajipanga zenyewe kuwa nyuzi, hakuna aliyezishika mkono. Molekuli moja ni kamba tatu zilizosokotana, urefu wa nanomita 300 hivi, upana nanomita moja na nusu, na katika kila kamba kila asidi amino ya tatu ni glaisini kwa sababu katikati ya msokoto hakuna nafasi ya kitu kikubwa zaidi ya hapo. Kila nikiiona ile jeli inabadilika rangi najisikia kuheshimu.

Ila sasa ipime. Jeli ya kawaida ina miligramu 2 mpaka 4 za kolajeni kwa mililita, hiyo haifiki hata nusu ya asilimia moja. Gegedu la kweli lina asilimia 10 mpaka 20 ya uzito wake. Ukiibana na koleo inachanika. Ukiiacha na seli siku kadhaa seli zinaishika zile nyuzi na kuzivuta, jeli inasinyaa, kile kilichojaza kisahani kizima kinabaki kipande kidogo katikati. Piga picha hiyo iwe ndani ya shimo la goti, ikisinyaa inaachana na kingo. Alafu ni aina ya 1, ya ngozi na mifupa, sio aina ya 2. Na nyuzi zimeelekea kokote, na agrekani hamna, kwaiyo hakuna kinachovimba na hakuna cha kuzuiwa.

Pamoja na hayo haina maana haina kazi. Japani kuna tiba iliyopitishwa 2012 ambapo seli za mgonjwa mwenyewe zinakuzwa ndani ya jeli ya atelokolajeni, yaani kolajeni iliyokatwa ncha zake kwa kimeng'enya ili mwili usiikatae kirahisi, ndo zinapandikizwa. Jeli pale ni makazi ya seli, uzito haibebi yenyewe.

DadaFizio

Kaka mimi nipo upande wa mazoezi baada ya upasuaji. Wagonjwa wengi ninaowapokea wamefanyiwa ile ya kutoboa toboa mfupa, wengine wachache wamepandikizwa seli. Ukiwaangalia miezi ya mwanzo huwezi kutofautisha nani kafanyiwa ipi. Hebu zielezee hizi kwa mpangilio.

Mpangilio

Dada karibu sana, wewe unaona kitu ambacho sisi wa maabara hatukioni.

Ya kutoboa inaitwa maikrofrakcha, Richard Steadman wa Colorado ndo aliieneza kuanzia miaka ya 1980. Daktari anasafisha shimo mpaka anafika mfupani, anatoboa vitundu vidogo vidogo, uboho na damu vinapanda vinaganda, ndani ya lile bonge kuna seli shina chache na zinajenga tishu. Ni rahisi, ni ya siku moja, haihitaji maabara. Tishu inayoota ni gegedu la nyuzinyuzi, kolajeni aina ya 1 ndo nyingi, agrekani chache. Mgonjwa anapata nafuu, tena nafuu ya kweli, ila kwenye mashimo makubwa nafuu hiyo huwa inaanza kupungua baada ya miaka michache.

Kupandikiza seli kulianzia Gothenburg, Sweden. Brittberg, Lars Peterson na wenzao walichapisha 1994 matokeo ya wagonjwa 23. Unakata kipande kidogo cha gegedu sehemu isiyobeba uzito, unazitoa seli kwa vimeng'enya, unazizidisha wiki kadhaa, unarudi kumfungua mgonjwa mara ya pili unazimimina kwenye shimo lililofunikwa na kipande cha ile ngozi nyembamba inayovaa mfupa. Wazo kubwa sana lile. Ila kile kifuniko kilikuwa kinanenepa kupita kiasi kwa baadhi ya watu, wanarudi kukwanguliwa. Hapo ndo kolajeni ikaingia kwa nguvu: utando wa kolajeni aina ya 1 na 3 kutoka kwa nguruwe ukachukua nafasi ya kifuniko, baadaye wakaona kwanini tumimine, tuzipande seli juu ya utando kabisa, daktari anaukata kwa umbo la shimo anaubandika na gundi ya fibrini. Hiyo ndo MACI, Marekani waliipitisha Desemba 2016. Na sio ya goti lililosagika lote, ni ya shimo lenye mipaka kwa mtu ambaye sehemu nyingine ya goti bado nzima. Watu wengi wanaoniuliza kuhusu wazazi wao inabidi niwaambie hilo na inaniuma kweli.

Kuna tatizo lingine ambalo watu hawalisemi. Kondrosaiti ukizilaza kwenye plastiki bapa ili zizaliane zinasahau kazi. Zinatanuka, zinaacha kutengeneza kolajeni aina ya 2 zinaanza aina ya 1, zinafanana na seli za kovu. Yaani unapozitafuta nyingi ndo unazipoteza tabia. Benya na Shaffer walionesha 1982 kwamba ukizirudisha kwenye jeli ya agarosi, inayotokana na mwani, zikawa za duara tena, zinakumbuka na zinaanza aina ya 2 upya. Umbo la seli linaiambia seli ni nani. Kwangu mimi huo ni ugunduzi mkubwa kuliko vifaa vingi vinavyotangazwa, kwa sababu ndo unakwambia kiunzi sio cha kujazia tu, kiunzi kinazungumza na seli.

kemia_tupu

Mleta uzi nakubaliana na mengi ila hapa unabana sana. Unapima kila kitu kwa mpangilio wa nyuzi na aina ya kolajeni. Nenda kasome jaribio la SUMMIT, wagonjwa 144, mashimo ya sentimita 3 za mraba kwenda juu, nusu MACI nusu maikrofrakcha. Miaka miwili baadaye wa MACI maumivu yao yalikuwa yamepungua zaidi na goti linafanya kazi vizuri zaidi. Sawa? Lakini vipande vilivyokatwa vikaangaliwa kwenye hadubini, na picha za MRI, hakukuwa na tofauti ya maana kati ya makundi mawili. Sasa kama mpangilio ndo kila kitu nafuu ilitoka wapi?

Alafu usisahau kuna sisi tunaotengeneza viunzi vikavu, sio jeli tu. Unachukua uji wa kolajeni unaugandisha, fuwele za barafu zinasukuma kolajeni pembeni, unaitoa barafu kwenye vakyumu, palipokuwa na barafu panabaki tundu. Ukigandisha haraka matundu madogo, polepole makubwa, ukigandisha kutoka chini kwenda juu matundu yanasimama wima yote. Huo nao ni mpangilio na tunaupata kwa baridi tu. Ngozi bandia ya Yannas na Burke, kolajeni na kondroitini (sukari yenye chaji iliyomo hata kwenye gegedu), ilianzia kwenye kazi ya namna hii hii na Marekani waliipitisha 1996, imeokoa watu walioungua.

Mpangilio

Mkuu hili ndo swali gumu kuliko yote kwenye uzi na nashukuru umelileta wewe.

SUMMIT naijua na huwa narudi kuisoma. Ninavyoiona mimi, kipande cha hadubini ni kisindano kimoja kutoka sehemu moja ya shimo zima, na ni miaka miwili tu, kwaiyo kinakwambia kidogo kuhusu kingo na kuhusu mfupa wa chini. Maikrofrakcha inaugusa mfupa, MACI inajitahidi kuuacha. Mfupa ndo wenye neva, gegedu halina, kwaiyo maumivu yanaweza kubadilika bila gegedu kubadilika sana. Hilo linanifanya nisiseme kwamba mgonjwa aliyepata nafuu bila nyuzi kupangika amedanganywa, hapana, nafuu ni nafuu. Lakini swali la je, hiyo tishu itabeba miaka 20 ijayo, linarudi kwenye mpangilio, kwa sababu nyuzi za kawaida za gegedu zinatakiwa zidumu maisha yote na hazibadilishwi. Hapo sisogei.

Kuhusu viunzi vikavu upo sahihi, tena matundu wima ni kitu kizuri mno kwa tabaka la chini. Ongezea na suala la kuzifunga nyuzi zisiyeyuke haraka, maana wengi humu hawajui. Kolajeni uliyoikausha ukiiacha hivyo hivyo vimeng'enya vya mwili vinaila mapema, kwaiyo tunafunga molekuli kwa molekuli.

kemia_tupu

Ndio, na hapo ndo watu wanakosea. Glutaraldehaidi inafunga vizuri ila mabaki yake yanaua seli, lazima uoshe na uoshe tena. EDC inaunganisha kundi na kundi moja kwa moja, yenyewe haibaki katikati, inatoka kama urea ambayo inaosheka, ndo maana maabara nyingi zimehamia huko. Jenipini inatoka kwenye tunda la gadenia, ni pole kwa seli, kiunzi kinageuka bluu kabisa usishtuke. Joto kavu kwenye vakyumu nalo linafanya kazi bila kemikali yoyote. Ila kila ukifunga zaidi unazuia seli kupenya na kula njia yao, ukifunga kidogo kiunzi kinaisha kabla seli hazijajenga chao. Kupatanisha spidi hizo mbili ndo kazi yetu ya kila siku, na kila aina ya seli ina spidi yake.

Tumbili_wa_Mchanga

Wakuu mnanifungua macho. Sasa hizi za kunywa je? Semeni tu ukweli.

Mpangilio

Kwa kifupi maana sio mada. Kolajeni ukiimeza inavunjwa kuwa asidi amino na vipande vifupi, baadhi ya vipande kama prolini iliyoshikana na haidroksiprolini vinafika kwenye damu, hilo limepimwa. Kuna majaribio yanayoonesha maumivu yanapungua kidogo, mengi yamelipiwa na wauzaji. Hakuna linaloonesha shimo la gegedu kujazwa na kitu ulichokunywa, na kwa ule mpimo wa kaboni nilioutaja juu usitegemee. Vitamini C unaihitaji kweli, bila hiyo mwili hauwezi kutengeneza haidroksiprolini na msokoto unalegea, ndo kiseyeye, ila mtu anayekula matunda na mboga anayo ya kutosha.

DadaFizio

Nilisikia kuna wanaochukua seli za pua kupeleka kwenye goti, ni kweli au stori?

Mpangilio

Ni kweli dada na ni moja ya kazi ninazozipenda sana. Basel, Uswisi, timu ya Ivan Martin, walichapisha 2016 wagonjwa 10. Wanachukua kipande kidogo cha gegedu la ukuta wa kati wa pua, wanakuza seli, wanazipanda kwenye utando ule ule wa kolajeni aina ya 1 na 3, ila hawapeleki hapo hapo kwenye goti, wanauacha kwenye maabara mpaka seli zimejenga tishu yao, ndo wanapandikiza. Seli za pua hazipotezi tabia kirahisi zikizidishwa, na zina kitu cha ajabu, zile jeni za HOX zinazoiambia seli upo sehemu gani ya mwili zimezimwa, na zikiwekwa kwenye goti zinafuata goti. Lile jaribio lilikuwa la kuangalia usalama na kama inawezekana, halikuwa na kundi la kulinganisha, kwaiyo lisomwe hivyo.

Na seli shina kabla hamjauliza: zinatengeneza aina ya 2 vizuri ukizipa TGF-beta, protini ya kuziashiria, tatizo hazijui kusimama. Zinaendelea mpaka kolajeni aina ya 10, zinavimba, zinaelekea kuwa mfupa, ile ile njia ya mtoto anayekua. Mimi binafsi naona pua ina matumaini zaidi kwa shimo la gegedu kuliko uboho.

Seli_Mpweke

Habari za humu, mimi ni mwanafunzi, nimejiunga kwa ajili ya uzi huu. Viunzi vyangu vya kolajeni vina unene wa milimita 5, nakuza kondrosaiti wiki kadhaa, nikikata na kupaka rangi ya safranini O pembeni panakuwa pekundu vizuri ila katikati ni peupe kabisa. Msimamizi anasema niongeze seli. Nifanyeje?

Mpangilio

Karibu mdogo wangu, na heshima kwa msimamizi wako ila kabla hujaongeza seli angalia hivi. Safranini O inashika zile chaji hasi, wekundu ni agrekani na wenzake, kwaiyo ule mduara mwekundu pembeni na weupe katikati unakuchorea kabisa chakula kiliishia wapi. Seli za pembeni zinakula kwanza, zikijenga tishu zinaziba njia, za ndani zinakufa njaa. Ukiongeza seli walaji wa pembeni wanaongezeka na hali inaweza kuwa mbaya zaidi. Jaribu kwanza kupunguza unene ufike milimita 2 au 3, goti lenyewe halina milimita 5 za gegedu sehemu nyingi, alafu kama una bayoriakta ya kupitisha maji ndani ya kiunzi itumie. Hata kubonyeza na kuachia kwa mdundo kunasaidia, maji yanaingia na kutoka na seli zenyewe zinachochewa na mbonyezo.

Na kabla hujamwaga vipande ulivyo navyo, pima kwa DMMB, rangi ya kupimia, kiasi cha sukari zenye chaji sehemu ya pembeni na ya kati tofauti, kwa sababu hadubini peke yake inadanganya kwenye unene wa kukata.

Seli_Mpweke

Asante sana kaka. Na nikitaka kuona kama tishu inashikana na gegedu la kweli?

Mpangilio

Hapo umefika panapotuumiza wote. Kingo. Ukikata gegedu kwa kisu seli za mstari ule zinakufa, nyuzi za zamani zimesongamana, agrekani imejaa, mpya hazina pa kuingilia. Wengine wanazigusa kingo kwa muda mfupi na vimeng'enya vya kolajenasi au haialuronidasi kupunguza msongamano, kwenye maabara seli zinasogea mpakani na mshikamano unaongezeka, ila ukizidisha muda unaharibu gegedu zima la jirani.

Wewe fanya hivi: chukua pete ya gegedu la ng'ombe, toboa katikati kwa pancha ya kukatia tishu, kiunzi chako kikae mule kibane kidogo. Ukikuza ukimaliza usikitoe, kata vyote pamoja wima, vipande vingine paka safranini O, vingine paka pikrosirius nyekundu uviangalie chini ya mwanga uliopolaraishwa. Safranini itakuonesha mpaka umejaa, na watu wengi wanaishia hapo wanaandika wamefanikiwa. Pikrosirius ndo inakuonesha nyuzi, kama zinavuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine au zinafika mpakani zinageuka zinafuata ukingo. Pakiwa na mstari mweusi katikati ujue hapajashikana, hata kama kwa macho huoni nafasi. Vipande vingine visukume kwenye mashine upime nguvu ya kukitoa kiunzi kwenye pete, na andika zote mbili, picha na nguvu.